Joto la Gereji ya Shemboza

Hapo zamani, malori ya mkonge yalipokuwa bado na pua ndefu, palikuwa na gereji moja ya mabati kando ya barabara, bondeni chini ya milima, mahali ambapo siku za kaskazi hata kuku hutembea kwa kurukaruka. Mwenye gereji aliitwa Fundi Shemboza. Mkewe aliitwa Mwanjaa.

Shemboza alikuwa fundi hodari, lakini alikuwa na maradhi ya kuogopa wezi. Gereji yake ilikuwa na matundu manne ya hewa chini ya ukuta. Siku moja spana ikapotea, akasema imepitia tunduni. Akamwita Hiza, fundi wake wa kuchomelea.

"Ziba."

Hiza akaziba.

Paa likaanza kushika kutu. Akamwita Mhina, fundi wake wa bati.

"Paka oili chafu."

Mhina akapaka, paa likawa jeusi kama sufuria ya shughuli.

Na kila adhuhuri, mafundi walipokwenda kula, Shemboza alibaki chini ya gari akamwambia mkewe, "Mwanjaa, nifungie kwa nje. Nikiwa huku chini mlango siuoni."

Mwanjaa akafunga.

Hiza akaziba, Mhina akapaka, Mwanjaa akafunga. Adhuhuri moja ya kaskazi kali, Mwanjaa alifunga akaenda kumjulia hali jirani mgonjwa, akachelewa. Aliporudi alimkuta mumewe chini ya lori, spana mkononi. Mwili wake ulikuwa wa moto kuliko bati.

Wakamzika. Wakamsomea arobaini. Lakini joto halikuzikika.

Masika ikaingia. Nje mvua, ndani fukuto. Grisi iliyeyuka ndani ya kopo bila moto. Ukigusa ukuta asubuhi, kabla jua halijapanda, ulikuunguza. Magari yakaacha kuletwa. Na kila adhuhuri, gereji ikiwa tupu, kitu kiligonga ndani, chini sakafuni: ko, ko, ko.

"Ni bati linatanuka," watu walisema.

Mwanjaa naye alisema hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili. Siku ya tatu alisogea mlangoni akapiga hodi. Ndiyo ilikuwa desturi ya gereji ile: hakuna aliyeingia bila hodi, maana huenda kuna mtu chini ya gari, ukamkanyaga miguu.

"Hodi!"

"Karibu," ilijibu sauti ya mumewe. "Ila hewa hakuna."

Mwanjaa hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi lililochakaa, akalia mpaka ushungi ukalowa. Akajua mumewe bado amefungiwa, na aliyemfungia ni yeye. Kesho yake akawaambia watu wote, "Atakayeipoza gereji hii mpaka mume wangu atoke, ufunguo ni wake na gereji ni yake. Mimi nataka jambo moja tu, baba wa watu aende akapumzike."

Alianza Hiza. Alikuja adhuhuri na mtungi wake wa gesi.

"Haya, leo unazibua ulichoziba," Mhina alimcheka. "Si ungeacha tu tangu mwanzo?"

"Wewe nyamaza. Paa lako hilo tungekaangia dagaa."

Hiza akapiga hodi, akapiga goti, akalikata tundu la kwanza. Lilipofunguka, gereji ilivuta pumzi. Vumbi la uwanjani likavutwa ndani, tambara likavutwa ndani, na mkono wa Hiza nao ukavutwa, ukashikwa kwenye bati la moto mpaka ngozi ikabanduka. Hakukimbia. Alikata la pili, la tatu na la nne kwa mkono wa kushoto.

Upepo ukaingia. Miguu ikapoa. Lakini ukisimama, kichwa kilikuwa bado kwenye tanuri. Na kule kugonga kwa spana kukahama sakafuni, kukapanda ukutani hadi usawa wa kifua cha mtu: ko, ko, ko.

"Hodi!" Mwanjaa aliita.

"Karibu. Hewa imeingia. Njia ya kutokea sina."

Akaja Mhina. Alipanda juu ya paa, akang'oa misumari ya kilele cha paa, kule mabati ya pande mbili yanakokutana. Akaliinua bati la juu kwa shubiri moja, akalikunja kama kofia ili mvua isiingie. Alipong'oa msumari wa mwisho, fukuto lote lilitoka kwa mkupuo, likamtupa chini, na mguu wake ukavunjika mara mbili. Waliokuwa barabarani waliona hewa ikitetemeka juu ya paa kama juu ya jiko la mkaa, na katikati ya mtetemeko ule waliona mabega ya mtu. Mabega yalipanda kidogo, yakasita, yakarudi ndani.

Tangu siku ile joto lilipata pa kutokea. Lakini jua lilipopiga lile bati jeusi, lilizaa joto jingine, likaushukia utosi wa kila aliyeingia. Kule kugonga kukapanda mpaka juu, chini ya paa.

"Hodi!"

"Karibu. Njia naiona. Jua linanirudisha."

Wa mwisho alikuja mwanamke aitwaye Mwajabu, mchambua singa, zile nyuzi za katani, katika shamba la mkonge. Hakuwahi kumjua marehemu. Aliliangalia paa, akauliza, "Mama, hivi paa la watu linapakwaje rangi ya usiku?"

Akalisugua kwa majivu, akalipaka chokaa mpaka likaumiza macho. Kisha akafunga fito chini ya mabati, akajaza magunia kwa singa fupi zisizouzika, akayalaza juu ya fito. Kati ya gunia na bati aliacha nafasi ya kiganja, ili joto la bati lisiguse singa, liteleze kuelekea kwenye kofia ya Mhina. Kazi hiyo aliifanya peke yake, amelala chali juu ya fito, na spana isiyoonekana ikigonga umbali wa kidole kimoja tu juu ya pua yake.

"Samahani, baba," alikuwa akisema. "Nasogeza gunia."

Kugonga kulikoma kidogo, akasogeza, kukaanza tena. Walio chini walisikia yote, na hakuna aliyepanda kumsaidia.

Gunia la mwisho lilipolala, kimya. Gereji ikapoa kama mtungi wa kisimani.

"Hodi!" Mwanjaa aliita.

"Karibu, Mwanjaa. Nimepumua. Nani kanifungulia, nimwachie radhi yangu niende? Nitajie mmoja. Radhi ya maiti haigawanywi."

Mwanjaa akahesabu kwa vidole: mmoja, wawili, watatu.

"Kesho nitauliza tena," ilisema sauti, ikachoka.

Basi akawaita wote watatu.

Hiza akaonyesha mkono wake. "Mama, ni mimi. Kabla yangu humu hamkuwa na pumzi hata moja. Tundu la juu bila la chini ni kinywa cha maiti, kiko wazi lakini hakivuti kitu."

"Umeziba mwenyewe, umezibua mwenyewe, unataka na shukrani?" alisema Mhina, ameegemea mkongojo. "Aliyemwonyesha njia ni mimi. Hewa iliyoingia isipate pa kutokea ni mgeni uliyemfungia sebuleni."

"Na oili nani alipaka? Bibi yangu?"

Mhina akatazama juu, kwenye paa.

Mwajabu akasema, "Mimi sikuziba, wala sikupaka. Nyinyi mmeosha mikono yenu mliyoichafua wenyewe. Yangu ilikuwa safi, nikaitia motoni kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Na mlipomaliza kazi zenu, si alikuwa bado ndani?"

"Dada, wewe ulikuta moto umeshapungua," alisema Hiza. "Ungekuja wa kwanza, tungekukusanya kwa ufagio."

"Na nyinyi bila mimi mngeishia palepale mlipoishia," Mwajabu alijibu, "hata leo angekuwa bado anagonga."

Mwanjaa aliwasikiliza. Usiku kucha aliwaza: akitaja jina lisilo lenyewe, mumewe atanyoosha mkono kutoa radhi, hataukuta mkono uliomfungulia, atarudi kulala chini ya lori. Na safari hii hapatakuwa na tundu la kukata.

Adhuhuri ikafika. Upepo uliingia chini, ukapanda, ukatokea juu. Watatu wakasimama nyuma yake.

"Hodi."

"Karibu," alisema Shemboza, karibu kabisa na mlango, kama mtu aliyekwisha vaa viatu. "Haya, mke wangu. Nani kanifungulia?"

Mnaonisikiliza, Mwanjaa ameshafumbua kinywa. Hiza aliyeleta pumzi, Mhina aliyefungua njia, Mwajabu aliyezuia jua. Jina ni moja, na aliye ndani anangoja kwenda zake. Je, nani alistahili kutajwa?