Mwadhini Aliyezamisha Jua Saa Kumi na Moja

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nyanda za Iraki aliishi mwadhini mcha Mungu, Thabiti bin Yaishi, mwenye sauti njema na magoti mabovu. Mnara wake ulikuwa na ngazi mia na kumi. Mwuza dawa mmoja akampa maajuni ya bangi, ameze punje moja kwa ajili ya magoti. Magoti yaliendelea kuuma, ila Thabiti hakujali tena. Punje ikawa mbili, mbili zikawa donge. Kila Ijumaa aliapa kuacha, na kila Jumamosi alikuwa na udhuru mpya, tena wa kuridhisha.

Basi siku moja ya Ramadhani kikavuma kimbunga cha vumbi, jua lisionekane. Mji mzima ukamtegemea Thabiti na saa yake ya maji, iliyodondosha tone tone chomboni hata maji yafike alama ya kumi na mbili, ndipo aadhini Magharibi. Baada ya Alasiri, akili yake ikiwa mbali, mkono ukaingia mfukoni, ukatoka, ukaenda kinywani. Alipokumbuka kwamba amefunga, donge lilikwisha pita kooni.

"Nimekula kwa kusahau," akajituliza. "Saumu ipo."

Saumu ilikuwapo, wakati ndio uliopotea. Alikaa kitambo kidogo, akaona amekaa umri mzima. Tone likadondoka, akalisubiri la pili kama anayesubiri msafara wa mahujaji. Akasema moyoni, hapana, saa imeziba. Akapanda mnara, akaadhini kwa sauti tamu kabisa. Mji ukafuturu.

Aliposhuka alimkuta mkewe, Bi Nusaiba, ameiinamia saa, tende mkononi hajaila.

"Mume wangu, maji yapo kumi na moja."

Thabiti alijua akisema atashushwa mnarani, na kazi nyingine hakuijua. Hata hivyo akaenda kwa karani wa mji kumweleza kwamba jua bado.

"Jua limezama," akasema karani. "Nimekwisha liandika, nimelipigia muhuri, na njiwa ameondoka na barua kwa liwali. Kulirudisha kunataka barua mbili, na mojawapo sharti itoke kwa jua lenyewe. Kwani nani amelalamika?"

"Hakuna."

"Basi nenda kale."

Njiani, mkewe akiwa naye, mkono ukaanza tena safari ya mfukoni. Thabiti akaukamata kwa mkono wa pili, akautoa mfuko wote na kumkabidhi mkewe. Kisha akaingia msikitini, watu wakipanga safu.

"Enyi waumini, jua halijazama. Nimekula bangi, na nimekuwa nikiila mwaka mzima. Saumu zenu za leo zimo shingoni mwangu."

Mmoja alikuwa na sambusa mdomoni, hajui ameze au ateme.

Kadhi wa mji, aliyekuwa safu ya mbele, akahukumu: mji ulipe siku moja katika Shawali, na Thabiti afagie msikiti siku arobaini.

"Nami pia nilipe, Shekhe? Mimi nilikula kwa kusahau."

"Wewe ulisahau, Thabiti. Mkono wako ulikumbuka. Huo ndio tunaoutibu."

Watu wakacheka, na kicheko kikaondoa nusu ya ghadhabu.

Wiki ya kwanza hakulala wala hakuonja chakula kikamwia kitamu. Alitoka jasho, akagombana na paka. "Subiri," Bi Nusaiba alimwambia, "furaha yako ilizoea kubebwa. Inajifunza kutembea." Wiki ya tano akasikika akiimba kaswida huku akifagia, na hakuna aliyempa hata punje.

Siku ya kulipa saumu, kadhi akamrudisha mnarani. Mbingu ilikuwa safi. Jua likatua mbele ya macho ya watu, na Thabiti bado kaangalia chombo.

"Bwana Thabiti," wakamwita kutoka chini, "limezama, tunaona."

"Bado tone moja."

"Hata karani ameliona."

"Karani hata siku ile aliliona."

Tone likadondoka. Akaadhini.

Ndugu zangu, bangi haikumpokonya Thabiti akili kwa nguvu. Ilikuja kama mgeni wa magoti, ikakaa, mpaka mkono ukawa haumuulizi tena mwenyewe. Kilichomrudisha ni lile neno moja la kweli mbele ya watu wenye njaa, na subira ya kulifuatilia. Mola atujaalie ukweli kama wake, na magoti yenye nafuu zaidi.