Tone la Mafuta na Kete Kumi na Tisa

Hapo zamani za kale, na ninyi wa nyuma acheni kucheka, wanyama walikuwa na maduka, viwanda na hata mashine za kupimia vyakula. Mwenye kinu cha mafuta ya ufuta alikuwa Tembo. Na mwenye mashine ya kuyapima? Tembo huyohuyo! Haya, mnaona wenyewe.

Mashine ilikuwa sumaku mbili nene, katikati pipa la shaba. Ukitia mafuta na kuzungusha mpini, kalamu inachora kwenye karatasi yenye alama nane. Mafuta yakioza huwa na chembe pweke, vijipande visivyoonekana vilivyokosa wenzao. Sumaku ikiziita zinaitika, na kalamu inaruka kwenye alama ya tano.

Basi wana wa Kirukanjia, yule mnyama mdogo kuliko panya, wakala mafuta hayo, wakaharisha siku tatu. Mama mtu akashika chupa yenye matone mawili yaliyobaki, huyo, mpaka kinuni.

"Mzee Tembo, mafuta yako yameoza!"

"Ati nini?" Tembo akatia tone moja kwenye pipa, akazungusha mpini mara moja. Krrrr! Kalamu ikatetemeka kote kote.

"Kelele tupu za mashine! Karani Kiboko, andika: mafuta safi. Na wewe, kwa kunichafulia jina, jua likitua usionekane hapa na watoto wako!"

Kirukanjia alikasirika mpaka masharubu yakamcheza. Ahame na watoto wagonjwa? Thubutu! Akalitazama lile pipa. Tone lake lilikuwa limepotea humo. Hata likiitika, nani atalisikia?

"Sawa," akasema kwa sauti, wanyama wote waliokuja kununua mafuta wasikie. "Ila watu watasema Tembo kachoka kwa mzunguko mmoja."

"Nani kachoka?"

"Zungusha mara arobaini basi, tukuone! Na pipa lote hilo la nini kwa tone moja? Tia kwenye kikopo changu cha shaba. Au unakiogopa?"

"Mimi niogope kikopo? Lete!"

Tone la pili likajaza kikopo, kikawekwa kati ya sumaku. Kirukanjia akaweka chini ubao wake wa bao, mashimo manane, kila alama na shimo lake. "Mimi nakuhesabia kwa kete, mzee."

Krrrr! Kalamu ikaruka kwenye alama ya pili. Kete, tap, shimo la pili. Krrrr! La saba. Krrrr! La tano. La kwanza. La tano tena.

"Ishirini na tisa! Thelathini!" Tembo alinguruma, jasho likimtoka. "Mnaiona misuli?"

"Tunaiona, mzee! Kaza!"

"Arobaini! Haya, nani kachoka?"

"Hakuna. Sasa tazama ubao."

Mashimo mengine yalikuwa na kete mbili, tatu, nne. La tano lilikuwa nazo kumi na tisa.

"Kelele za mashine hurukaruka popote," Kirukanjia akasema, kidole juu. "Kinachorudi palepale ni mafuta yako mabovu. Na mpini umezungusha mwenyewe, mbele ya watu wote!"

Wanyama wakapiga kelele, "Uwiii! Sasa ahame yeye!" Kiboko akafuta "safi", akaandika "mabovu", tena kwa herufi kubwa.

Jua lilipotua, Kirukanjia alikuwa kwake akiwakorogea wanawe uji. Aliyeonekana barabarani, pipa kichwani, akihama, ni Tembo.

Basi wanangu, mkiambiwa ukweli wenu ni mdogo mno kusikika, urudieni palepale mpaka usikike.