Ekari ya Juu ya Mfereji

Haya, sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sihitaji makofi, nahitaji vichwa vyenu, maana kisa hiki kimewagombanisha watu wenye akili timamu, na mimi mwenyewe nimekibeba muda mrefu bila kukipatia jawabu.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Nambelo, chini ya milima, chenye bonde la mpunga na mfereji mmoja tu wa maji. Walikuwapo humo watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Eusebia, mjane mwenye watoto watatu. Huyu neno likishaingia masikioni mwake halimtoki tena. Angekusimulia mkutano wa mwaka juzi, nani alisema nini, nani alimkatiza mwenzake, na mvua ilianza kunyesha wakati gani.

Wa pili ni Mwajabu, mpishi wa shughuli. Kipawa chake kilikuwa kwamba watu walimwambia siri zao bila kuulizwa. Alikuwa akikoroga sufuria yake huku anaitikia "ehe, ehe", na mtu anakuja kushtuka ameshasema yote.

Wa tatu ni Mzee Evaristi, karani wa kijiji. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa herufi zilizolala kidogo, na pale Nambelo karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake hakuna aliyeitilia shaka.

Eusebia alilima mkiani mwa mfereji. Maji yalipofika kwake yalikuwa yameshapita kwa watu wote, na mara nyingi hayakufika kabisa. Mwaka ukiwa mzuri alivuna chakula cha miezi saba. Mitano iliyobaki aliishi kwa vibarua katika mashamba ya wenzake.

Ulipokaribia uchaguzi, diwani wao, Bwana Kalindima, alibandika ukutani kwenye ofisi ya kijiji karatasi yenye mwandiko wa Mzee Evaristi. Ilisema kwamba mkutano mkuu wa kijiji, uliofanyika mwezi wa tatu, ulikubali kwa kauli moja kumpa bonde mwekezaji wa mashamba ya miwa. Chini yake zilikuwapo sahihi za wanakijiji.

Watu walisoma na kuona majina yao. Kila mmoja aliapa kwamba hakusaini kitu kama hicho, na kila mmoja hakuamini kiapo cha jirani yake. Wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Aliyenunua bati jipya aliulizwa amelipata wapi. Ndugu wa tumbo moja waliacha kuazimana majembe.

Eusebia alisimama mbele ya karatasi ile, akaukumbuka mkutano wenyewe. Ulikuwa wa zahanati. Ajenda ilikuwa moja, Mzee Evaristi aliisoma, Mwajabu aliuliza kwa nini choo cha wagonjwa hakina mlango, na mvua ikawatawanya. Bonde halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Sahihi zilikuwa za kweli, ila zilitolewa kwenye mambo ya zahanati zikabandikwa kwenye mambo ya bonde.

Alirudi nyumbani akiwa amedhamiria kusema. Jioni hiyohiyo diwani alimfuata shambani, peke yake, kwa miguu.

"Dada Eusebia, nasikia una kumbukumbu nzuri sana."

"Ya kawaida tu, mheshimiwa."

"Mpaka wa mwekezaji hautafika huku kwako. Nimeuangalia mwenyewe kwenye ramani. Na hili suala la maji kutokufika si haki. Nitazungumza na kamati ya mfereji."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakumwomba lolote. Wiki iliyofuata zamu ya maji ya Eusebia iliongezwa, kutoka mara moja kwa wiki mbili hadi mara mbili kwa wiki. Mpunga wake ukasimama, ukawa wa kijani kibichi. Naye akanyamaza. Alijiambia kwamba anawafikiria watoto, kwamba hata akisema mjane mmoja atasikilizwa na nani. Wiki sita zikapita hivyo.

Katika wiki hizo Mwajabu alionekana amejifunga khanga za kampeni, anapika nyumbani kwa diwani, tena mikutanoni anacheza mbele. Watu walimgeuzia visogo. Siku moja kisimani Eusebia alishindwa kujizuia.

"Shoga, ndiyo umeuza bonde letu kwa sahani za pilau?"

Mwajabu aliitua ndoo yake taratibu. "Mimi nauza ninachopika. Na wewe, maji yako siku hizi yanatoka wapi?"

Eusebia alijitwika ndoo yake akaondoka. Jumapili, watu walipotoka kanisani, alipanda kwenye ngazi akausimulia mkutano ule wa mwezi wa tatu, mwanzo hadi mwisho, kwa maneno yaleyale na hata kwa sauti za waliosema. Watu wakaanza kujitambua. "Kweli, hayo ni maneno yangu." "Na mimi ndiye niliyemkatiza." Ndipo walipoelewa kwamba hakuna jirani aliyewauza, na hasira waliyokuwa wakipeana wao kwa wao ikaelekea kwa diwani. Barua ikaandikwa kwa mkuu wa wilaya, naye akapanga siku ya kuja kusikiliza. Kesho yake zamu ya maji ya Eusebia ikafutwa. Mpunga ulikuwa unaanza kutoa masuke. Ulikauka wote.

Lakini kumbukumbu ya mtu si ushahidi wa kumwondoa mwekezaji. Lilitakiwa daftari la mihtasari, lile lenye mkutano wenyewe wa zahanati, na ofisini ilisemekana limepotea.

Siku mbili kabla ya mkuu wa wilaya kufika, Mwajabu aliingia jikoni kwa Eusebia na ndoo iliyojaa maganda ya viazi. Aliyamwaga chini. Chini ya maganda palikuwa na daftari, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Lilikuwa kabatini kwake. Alinionyesha mwenyewe, anacheka."

Eusebia alilifungua, akauona ukurasa. "Tangu lini unajua liko huko?"

"Kabla hata wewe hujasema kanisani."

"Sasa mbona hukulitoa?"

"Ningempelekea nani? Wewe?"

Alipoondoka, Eusebia alibaki analitazama lile daftari na moyo haukutulia. Huyu mwanamke aliingia katika nyumba ile kwa ajili ya kijiji, akavumilia matusi yote yale kimyakimya? Au alipoona watu wamesimama ndipo akahesabu upande gani utashinda? Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua: wiki hiyohiyo diwani alikuwa ameleta mpishi mpya kutoka mjini.

Siku ikafika. Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi. Mkuu wa wilaya aliweka mezani karatasi ya ukutani na daftari, akavilinganisha. Tarehe ilikuwa ileile, na mwandiko uleule.

"Mheshimiwa," diwani alisema kwa utulivu, "daftari hilo limeibwa nyumbani kwangu na kuchezewa. Na mama huyu mwenye kumbukumbu ana chuki, kwa sababu zamu yake ya maji ya upendeleo imerekebishwa. Karani yupo hapa. Aulizwe yeye lipi ni la kweli."

Alikuwa na uhakika. Mtoto wa Mzee Evaristi alikuwa ameajiriwa udereva kwa yule mwekezaji, na Eusebia alipolikumbuka hilo alikata tamaa palepale kwenye dawati. Mkuu wa wilaya alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Mzee Evaristi alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena.

"Mwandiko ni wangu kotekote. Mkutano ulikuwa mmoja, wa zahanati. Huu wa bonde niliuandika sebuleni kwa diwani, nimekaa kitini, nimekunywa chai. Hakunishikia panga. Aliniahidi kazi ya mwanangu, na mwanangu ameamkia kazini leo."

Diwani na karani waliondoka siku hiyo katika gari moja la polisi. Bonde likarudi kijijini. Karani aliachiwa kwa dhamana, kesi yake haijaisha, na mwanawe alifukuzwa kazi kabla ya wiki kwisha.

Sasa sikilizeni penye kazi.

Kichwani kabisa mwa mfereji ilikuwapo ekari moja ambayo diwani alikuwa ameizungushia uzio kwa miaka mingi. Ni ya kwanza kupokea maji. Mwenye ekari hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka na hamfanyii mtu kibarua. Kijiji kikaamua apewe mtu aliyeliokoa bonde. Apewe mmoja, kwa sababu sheria ya mfereji inasema shamba la kichwani haligawanywi.

Mkutano ukavurugika. Wapo waliosema ni Eusebia, kwani bila yeye watu wangekuwa bado wanashukiana majumbani mwao, na amepoteza mavuno ya mwaka mzima. Wapo waliosema ni Mwajabu, kwani maneno ya Eusebia yangekuwa hewa bila daftari, na hakuna aliyetukanwa kama yeye. Wazee wachache walisema ni Evaristi, tena kwa sauti za chini.

"Aliyetuingiza shimoni?" mama mmoja aliuliza. "Tumlipe kwa kututoa?"

Mzee Evaristi alisimama. "Sijaja kuomba ekari. Ila msiseme uongo. Kumbukumbu ilikuwapo, daftari lilikuwapo, na mkuu wa wilaya alikuwa anafunga faili."

"Ulisema kwa sababu ulishaliona daftari mezani," Mwajabu alimjibu. "Ulijua umekamatwa."

"Na wewe ulilileta ulipoletewa mpishi mwenzio."

Mwajabu alimgeukia Eusebia. "Basi na huyu aeleze zile wiki sita za maji."

Macho yote yakamwendea Eusebia. Angeweza kukana, diwani alikuja peke yake, na hapakuwa na shahidi. Alisimama akaeleza yote, neno kwa neno, ramani na kamati na mpunga ulivyomea. Alipomaliza, wengine walimwona mkweli kuliko wote. Wengine walinong'onezana kwamba amesema kwa kuwa ameshatajwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ligubi, alikuwa amechoka. "Mama Eusebia, wewe ndiye uliyeona na kusikia mengi kuliko sisi. Hebu tusaidie. Nani apewe?"

Eusebia alimtazama Mwajabu, ambaye mpaka siku hiyo hakuna nyumba iliyomwita tena kupika. Hakujua kama anamwona mtu jasiri au mtu mjanja. Akamtazama Mzee Evaristi, asiyekuwa na miwani usoni, na hakujua kama siku ile darasani alisema kwa kutubu au kwa kushindwa. Kisha akajiuliza mwenyewe: kama Mwajabu asingenichoma pale kisimani, je, ningepanda kwenye zile ngazi? Nalo hilo hakulijua. Aliwafikiria watoto wake na ile miezi mitano ya vibarua.

"Mwenyekiti," alisema mwishowe, "nikitaja jina langu mtasema ni tamaa. Nikitaja la mwingine, nitalala nikijiuliza kama ni haki au ni woga wa kusemwa. Waulizeni watu wasiolima hapa."

Basi ndiyo maana nimekuja kwenu. Ninyi hamlimi Nambelo na hamna cha kupata. Ekari ni moja na haigawanywi. Yupo aliyekumbuka akachelewa kusema, yupo aliyeiba daftari na hatujui alianza lini kuwa upande wetu, na yupo aliyeuharibu ukweli kwa mkono wake kisha akautengeneza kwa kinywa chake. Ukimtoa mmoja wao, bonde ni la miwa leo.

Wewe uliyekaa hapo mbele, anza: ungempa nani? Na kabla hujanitajia jina, niambie kwanza kwa ukweli wako, maji yangekuja shambani kwako, wewe ungenyamaza wiki ngapi?