Mistari ya Beta Jike

Enzi hizo samaki walikuwa na sauti. Si ya kuimba, ni ya kulalamika tu, nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta. Na beta majike, hawa wadogo mnaowaona siku hizi kwenye matangi ya kioo sebuleni, walikuwa na rangi moja tupu kutoka mdomoni hadi mkiani. Hawakuwa na mstari hata mmoja.

Mwanamize alikuwa nao watano kwenye birika la kutawadhia, uani kwake. Aliwaweka ili wale viluwiluwi vya mbu, kama nyumba nyingine za mtaa ule zilivyofanya. Madume hakuwataka, maana madume wawili hawakai maji mamoja. Majike nao walikuwa na ugomvi wao, lakini birika lilijaa majani ya maji, mazito kama nywele. Anayefukuzwa aliingia majanini, anayefukuza akamsahau, yakaisha. Mkubwa wao aliitwa Kidosho, mwekundu, mwenye makeke. Mdogo alikuwa Chembe, wa buluu, hazidi kidole cha mwisho cha mtoto.

Mwanamize alikuwa mcha Mungu, hakosi swala. Ila alikuwa na kasoro yake: alipenda kusifiwa usafi. Mwaka huo maulidi ya wanawake yalipangwa yasomwe kwake. Siku tatu kabla, alikunja mikono ya gauni, akang'oa majani yote, akasugua kuta za birika mpaka jiwe likang'aa. Jirani yake, Bi Nunu, akachungulia akacheka.

"Ehe, shoga! Hapa mtu akitaka kujitia wanja hana haja ya kioo."

"Waache waje waone," Mwanamize akajibu. "Wasije wakasema natawadhia kinamasi."

"Na hao wanao watakaa wapi?"

"Maji si yamo? Samaki anataka nini zaidi?"

Majani yalipotoka, kila samaki akawa anawaona wenzake wote, saa zote. Kidosho akaishika pembe ambayo chakula huangukia, akamvamia kila aliyesogea. Wale watatu wa kati walijitahidi kukimbia. Chembe hakuwa na mbio hizo, wala pa kuingia. Akaanza kulia.

Kilio kilimkuta Mwanamize katika swala ya alasiri. Akasahau yuko rakaa ya ngapi, akaanza upya, akasahau tena. Alipotoa salamu mara ya tatu aliondoka mkekani na hasira zake, akainama juu ya birika.

"Nyamazeni! Mnaniharibia ibada kwa kelele za sokoni! Sitaki kuisikia sauti yenu tena!"

Neno la mtu aliyetoka kuswali, enzi hizo, lilipokelewa haraka. Samaki wakanyamaza, wa birika lile na wa maji yote duniani. Mwanamize akaufurahia ule utulivu. Jioni hiyo aliswali vizuri mno, kwa maoni yake mwenyewe.

Asubuhi akaenda kutawadha, akamkuta Chembe amelala ubavu kwenye kona, mkia umechanika, mdomo unafunguka na kujifunga bila kutoa sauti. Mwanamize akaketi pale pale penye maji, na gauni lake. Bi Nunu alipokuja aliambiwa yote, bila kupunguziwa.

"Mimi ndiye niliyemng'olea nyumba. Alipolia nikamfunga mdomo, kisha nikaenda kuswali nikijiona mwema."

Safari hii Bi Nunu hakucheka. "Basi usikae hapo kunililia mimi. Majani uliyatupa wapi?"

Yalikuwa nyuma ya jiko, bado mabichi. Wakayaosha. Kila samaki wakamtoa, wakamweka kwenye bakuli lake, majani yakarudishwa birikani. Hawakumtanguliza Kidosho, asije akaishika tena ile pembe kabla ya wenzake. Waliwarudisha wanne kwa mkupuo mmoja, asiwepo wa kujiita mwenyeji. Chembe alibaki kiganjani mwa Mwanamize, na kiganja kimezama majini.

"Ya Rabbi," akasema, "sauti yake niliiondoa mimi. Mrudishie, au unipe njia nyingine ya kumjulia hali."

Sauti haikurudi. Lakini Kidosho alipopita karibu, Chembe alishtuka, na pale pale mistari miwili myeusi ikamtokea ubavuni, kutoka jichoni hadi mkiani, kama iliyopigwa kwa wino. Akaponyoka, akazama majanini. Mwanamize hakuondoka. Jua lilipofika katikati ya ua Chembe akachungulia, akatoka, akadaka kiluwiluwi kimoja. Mistari ilikuwa imefifia.

Siku ya maulidi mgeni mmoja alisimama penye birika, akakunja pua. "Mwanamize, mwaka huu hukupata nafasi ya kusafisha?"

"Nilisafisha," akasema Mwanamize. "Ndilo kosa nililotubia."

Na tangu siku hiyo samaki hawalalamiki kwa sauti. Beta jike akiogopa, mistari humtokea ubavuni kwa urefu, akitulia, hufutika. Ndiyo maana mwenye kuwafuga majike pamoja huweka watano au zaidi, huwajazia majani, na huwatia wote kwa wakati mmoja. Na kila asubuhi, kabla hajawatupia chakula, huinama kwanza akawatazama mbavu, mmoja mmoja.