Kopo la Samli na Mkaguzi wa Vikapu

Mwaka ule kiangazi kiliingia bila kubisha hodi, kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ikakauka. Ikabaki chemchemi moja, nayo ilikuwa imezibwa na chupa, makopo, karatasi na maganda, maji yakitoka kwa kudondoka.

Simba, ambaye hakuwa na kioo kingine cha kutazamia manyoya yake ila maji hayo, aliitisha baraza kwa hasira. Chemchemi ikazibuliwa, na amri ikatoka: kila nyumba iwe na vikapu vitatu. Kimoja cha maganda na makombo, yaozeshwe shimoni yawe mbolea. Kimoja cha karatasi, zikatandikwe kwenye viota. Cha tatu ni cha chupa na makopo, visuguliwe kwa mchanga vitumike tena.

"Atakayechanganya," alinguruma, "asiteke maji mpaka atenganishe."

"Na nani atakagua?" aliuliza Kobe.

"Mimi," alijibu Fisi, kabla cheo hakijapewa jina.

Akawa Mkaguzi Mkuu wa Vikapu. Akajikatia beji ya karatasi, akaivaa hata usingizini.

Sasa, huyo Fisi kwake hakuwa na kikapu hata kimoja. Kila alfajiri alijaza taka zake guniani, akaenda kuzimwaga katika vikapu vya majirani. Kulipokucha alirudi na beji kukagua. Aliyekutwa amechanganya alinyang'anywa kikapu cha makombo kwa ajili ya uchunguzi, na uchunguzi ulifanyika tumboni mwa Mkaguzi.

Zamu ikamfika Bi Sungura, ambaye wanawe walitenganisha taka kwa wimbo: "Ganda shimoni, karatasi kiotani, kopo mchangani."

"Bi Sungura, naona mifupa kwenye karatasi," alisema Fisi.

"Bwana Mkaguzi, ukoo wetu hatuli nyama. Imetoka wapi?"

"Sheria haiulizi imetoka wapi. Sheria inauliza iko wapi. Maji hamteki."

"Basi tunaitoa sasa hivi, tukateke."

"Mpaka uchunguzi ukamilike."

"Utakamilika lini?"

"Uchunguzi haupangiwi siku, mama." Akaondoka na kikapu cha makombo, akitafuna uchunguzi njiani.

Hadi jua linazama, midomo ya watoto ilikuwa imekauka.

"Mama, tunywe nini?"

"Leo tutalamba umande. Kesho mtakunywa maji. Nileteeni lile kopo refu la samli. Msilisugue."

"Lakini Mama, kopo mchangani..."

"Hili lina mgeni wake."

Alfajiri Fisi akaja, gunia mgongoni. Kabla hajalitua, harufu ya samli ikamshika pua. Akachungulia kopo, akaramba. Utamu wenyewe ulikuwa chini kabisa. Akasukuma kichwa, akasukuma tena, masikio yakapita. Kurudi, yakagoma.

Akatimua mbio asione aendako, kang kang kang kwenye miti, ganda la ndizi likipepea mkiani, hadi akatumbukia chemchemini, Simba akiwa katikati ya kujitazama.

"Nini hiki?" aliuliza Simba, manyoya yakichuruzika.

"Ni taka, Mtukufu," alisema Bi Sungura, aliyefika na wanawe nyuma yake. "Tumekuja utuamulie inaingia kikapu gani."

Wanyama waliokuja kuteka wakakuna vichwa.

"Makopo," alisema Kobe. "Kichwa kinajieleza."

"Karatasi," alisema Twiga. "Ana beji."

"Makombo," alisema Ngiri. "Ya tumboni mwake tunayajua wote. Mengine yalitoka kikapuni kwangu."

"Mimi ni Mkaguzi," sauti ilivuma ndani ya kopo.

Simba alikuwa akitazama gunia lililong'ang'ania mgongoni mwa Fisi, limepasuka likimwaga mifupa na chupa. "Mifupa hii imetoka wapi?"

"Mtukufu," alisema Bi Sungura kwa adabu, "sheria haiulizi imetoka wapi. Inauliza iko wapi. Iko mgongoni mwa Mkaguzi."

Watoto walicheka wakaanguka. Simba akajikaza asicheke, maana ufalme una taratibu zake.

"Mkaguzi amechanganyika," alihukumu. "Asiteke maji mpaka atenganishwe."

Tembo akavuta kopo, likatoka kwa mlio wa kizibo. Beji ilikwenda kutandikwa kiotani. Fisi akapita nyumba hadi nyumba, akiokota kilicho chake katika vikapu vya watu, na mwisho akalisugua lile kopo kwa mchanga mpaka likang'aa. Ndilo walilonywea maji watoto wa Bi Sungura, kwa zamu, huku wakimwimbia wimbo wao ili asisahau pa kuweka ganda.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.