Pai Mbili za Somoe

"Mkata pai ya moto hula uji." Niliwasikia mkicheka, wajukuu zangu, mama yenu alipomjibu hivyo jirani aliyekuwa akimsema mwalimu mpya. Mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi? Yalianzia hapa hapa Ipinda, jikoni kwa dada yangu Sekela.

Sekela alikuwa na mwana mmoja, Ambakisye. Alikwenda Newala kufundisha, akarudi na mke, Somoe. Sekela hakumpenda. Alimwona mkimya mno, mwenye mikono laini. "Huyu hataumaliza msimu," aliniambia, na ilikuwa siku ya pili tu.

Mwezi haujaisha, ikaja habari kwamba wazazi wa Somoe wako njiani kumtazama binti yao. Somoe akaomba awapikie pai, kama alivyojifunza katika hoteli moja huko kwao. Sekela akaguna, lakini akampa kakao ya shambani. Sisi tulilima kakao miaka yote na tukaiuza yote. Hakuna aliyewahi kuionja ikiwa chakula.

Somoe alikaanga mbegu, akazimenya, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta. Akachanganya na sukari, mayai na siagi, akatia korosho alizokuja nazo. Akatandaza unga uliokandwa katika sufuria mbili, akamimina mchanganyiko wake juu, akaweka makaa chini na juu ya mifuniko. Harufu yake iliwaleta majirani hadi uani, kila mmoja akidai amekuja kuazima chumvi.

Alipoziepua alisema, "Mama, tuziache zipoe kabisa. Bado hazijashika." Akaenda kuoga.

Wageni wakafika mapema. Sekela, akitaka waone kwamba mwenye jiko ni yeye, akachukua kisu akakata pai ya kwanza mbele yao. Ikamwagika! Sahani zikajaa tope jeusi, korosho zikielea. Mama yake Somoe akainamisha uso.

"Haya ndiyo mapishi ya binti yenu," Sekela akasema.

Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Alikitazama kisu, akamtazama mkwewe. Kisha akaenda kuleta vijiko.

"Karibuni uji, wazazi wangu," alisema. "Pai itakuja baada ya chakula."

Watu wakacheka, wakanywa, wakaramba vijiko.

Baada ya chakula akakata pai ya pili. Vipande vilisimama imara, vikang'aa. Sekela alikula cha kwanza, akala cha pili, kisha akaweka sahani chini.

"Ile ya kwanza niliikata mimi," alisema mbele ya wote. "Niliambiwa ningoje, sikungoja. Na wewe, mwanangu, nilikukata vivyo hivyo, hata wiki hujamaliza nyumbani kwangu."

"Lakini mama, uji ulikuwa mtamu," Somoe akajibu.

Sekela alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Tangu siku hiyo, hapa kwetu, anayeharakisha kumhukumu mwenzake huambiwa: mkata pai ya moto hula uji.