Jini Aliyeshindwa na Jina la Mashaka

Wapokezi wa habari za kale wamesimulia ya kuwa katika mji wa Ungamaji alitawala Sultani Nurdini bin Kadiri, mwenye majumba ya mawe na farasi mia na binti mmoja tu, Mwana Esha, na katika mji huo huo alikaa mshona kofia aliyeitwa Mashaka, kijana mpole, hodari wa sindano, ambaye hakuna mzazi aliyekubali kumwoza binti yake. Kosa lake lilikuwa jina. Nani angetaka mwanawe aitwe mke wa Mashaka, yaani mke wa dhiki na taabu? Watu walinunua kofia zake na wakamwita "fundi", basi.

Nalo jina hilo halikutoka hewani. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alizika watoto watatu kabla yake, wote hawajatimiza arubaini, na wenyeji walijua kuwa yuko jini apitaye siku ya saba kusikiliza majina, na akisikia jina zuri humchukua mwenye nalo. Kwa hiyo mtoto wa nne alilazwa jalalani, jirani akamwokota akipiga kelele, "Jamani, nimeokota takataka!" na mama akamkomboa kwa kibaba cha mtama, na mtoto akaitwa Mashaka ili jini aone kinyaa apite zake. Ndiyo mila ya watu wa kule. Ukicheka, cheka, lakini mtoto aliishi.

Basi siku moja, mchana kweupe, jini Kamtari akaingia katika jumba la Sultani, akaketi mlangoni pa chumba cha Mwana Esha, akanena, "Sitoki hapa, na binti hatoki, mpaka aje mwanamume nisiyeweza kulila jina lake." Wakaja wana wa masultani, Sudi na Faraji na Mbaraka, na kila mmoja akalitaja jina lake kwa mbwembwe, na jini akalimeza, na kila mmoja akatoka hajijui, hata mama yake hamtambui. Sultani akapigisha mbiu kwamba atakayemshinda jini atapewa binti na nusu ya hazina.

Mashaka akaenda. Mlangoni pa jumba Waziri Jauhari akamshika kanzu. "Ewe fundi, huna haya? Utalitamka jina la jalalani mbele ya binti wa Sultani? Sema unaitwa Masudi, nasi tutakuandika Masudi tangu leo."

Mashaka akafurahi mno, maana jina lake lilimchoma tangu utotoni, na akaingia akilirudiarudia hilo jipya, Masudi, Masudi.

Jini akafunua kinywa kipana kama mlango wa ghala. "Jina lako, mwanadamu?"

Hapo moyo wa kijana ukasita. Akamkumbuka mama yake, ambaye peke yake mjini alimwita jina lile kwa furaha, kila asubuhi, na akaona haya kumkana.

"Mashaka," akasema. "Mashaka bin Kheri, mwana wa Bi Mwanamkuu."

"Ptuu!" Jini akatema mate na kufuta ulimi. "Kumbe ni wewe! Siku yako ya saba nilisimama kitandani pa mama yako, nikausikia uchafu huo, nikageuka."

"Basi ni wewe uliyewachukua ndugu zangu. Nirudishie!"

"Hao wako kwa Mola wao, si kwangu. Amuru jingine. Umenishinda, mimi ni mtumwa wako."

Mashaka akalia kwanza, akalia sana, kisha akaamuru majina ya wale vijana yarudi kwa wenyewe na jini aihame nchi asirudi, na Kamtari akatii, akatoweka.

Sultani akanena, "Ewe kijana, umeniokolea mwanangu, na ahadi ni deni. Ila kadhi atamwozesha kwa jina gani? Chukua langu, uitwe Nurdini."

"Maulana, udumu. Jina lako ni taji, lakini lile ndilo nililokombolewa nalo. Nikilivua leo, mama atamwita nani?"

Mwana Esha akajibu nyuma ya pazia, "Baba, mke wa Mashaka nitaitwa mimi, nami nimeridhia." Vigelegele vikapasua jumba, na kadhi akalitaja jina kwa sauti kuu, na hakucheka mtu.

Mwaka haujaisha, jina likapendwa ajabu. Waziri Jauhari, mtu yule yule, akampa mwanawe mchanga jina hilo, kwa ngoma na pilau, na ukiita "Mashaka!" sokoni waligeuka mama ishirini wenye wachanga mgongoni. Na wanazuoni wakasema funzo la habari hii ni kwamba jina halina ubaya wala uzuri mpaka ujue limetoka wapi.

Mabibi wakubwa nao wakawa wanampelekea Bi Mwanamkuu akina Mashaka wao wachanga awabariki, naye humpakata kila mmoja, akamtazama mno, akamnong'oneza sikioni, "Mola akupe kuwa na jina hili, mwanangu, wala asikupe kulihitaji."